Tamko la Kubahatika

Kurugenzi ya Mapato ya Bahati, yenye makao yake Kibaha, ilitangaza siku ya Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, kwamba kuanzia dakika hiyo hakuna mwananchi atakayeruhusiwa kubahatika kimyakimya. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Leodegar, akiwa juu ya jukwaa la kukodi, chini ya turubai la kukodi, mbele ya wananchi ambao, tusifichane, nao walikuwa wamekodiwa kwa soda na biskuti.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, kurasa sitini na mbili tu. Wanaobeti madukani hawakuwa na shida, kwa sababu kampuni huwakata hukohuko dirishani kabla hawajashika hela. Shida ilikuwa hawa wengine: mtu anayecheza drafti kwa dau la soda, jirani anayemwambia jirani mwenzake "mvua isiponyesha kesho nakupa jogoo", mashangazi wanaocheza karata barazani kwa korosho. Hawa walikuwa wanashinda na kuutafuna ushindi wao pasipo Kurugenzi kuarifiwa. Sasa kila ushindi wa bahati, uwe mdogo uwe mkubwa, ulitakiwa kutangazwa kwenye Fomu KB-7, iitwayo Tamko la Kubahatika, na robo yake kukatwa.

Isidhaniwe kwamba jambo hili lilikurupukiwa. Kamati ya Kufafanua Bahati ilikaa vikao kumi na moja, vyote vyenye posho. Vikao vitatu vya kwanza vilijadili kama aliyeokota shilingi mia njiani amebahatika au ameokota. Kikao cha nne kilikubaliana kwamba sare itatozwa nusu. Katika kikao cha tano mwanasheria wa Kurugenzi, Bwana Abdulaziz, aliuliza kama mtu aliyebahatika kupata mke mwema naye ajaze fomu, na wajumbe wakatazamana, wakaona hakuna mwenye uzoefu wa kutosha kulijibu, wakaliahirisha.

Aliyeziandika kurasa hizo sitini na mbili alikuwa amesimama nyuma ya spika, ameshikilia kwa vidole viwili waya uliokuwa unakatakata sauti. Huyo ndiye Lusajo, Kaimu Afisa wa Matamko. Lusajo alikuwa Kaimu kwa mwaka wa sita sasa. Neno hilo lilikuwa limemganda. Lilikuwa mlangoni kwake, lilikuwa kwenye kitambulisho chake, na kadi za harusi kutoka usharikani zilimfikia zimeandikwa "Kaimu Bwana Lusajo na mkewe". Hata mkewe Atupele akikasirika humwita hivyo: "Kaimu, maji yako ya kuoga yanapoa." Lusajo alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, barua ya kuthibitishwa kazini, yenye mistari mitatu na muhuri wa duara. Alikuwa anaiota. Katika ndoto zake barua ilikuwa inakuja, lakini imesainiwa na kaimu.

Wiki mbili za mwanzo zoezi lilikwenda vizuri kupita kiasi. Wananchi wa Kibaha walijitokeza kwa wingi. Foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka jengo, ikaanza kuuziwa karanga. Tatizo lilikuwa moja dogo la kitaalamu: wote walikuja kutangaza kwamba wameliwa.

"Mkubwa, mimi niandike nimeliwa elfu kumi," alisema bodaboda mmoja. "Na juzi nimeliwa tena. Hivi mnarudisha lini?"

"Haturudishi. Tunapokea waliobahatika."

"Kaka, ningekuwa nimebahatika ningepanga foleni hapa?"

Wazee wawili wa Mailimoja, waliocheza drafti moja, siku moja, kwenye ubao mmoja, walijaza fomu mbili, na kila mmoja akatangaza kwamba amefungwa na mwenzake. Lusajo alizipokea zote mbili, kwa sababu zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko mzuri. Mwisho wa wiki ya pili Kurugenzi ilikuwa na matamko mia tatu kumi na mbili ya walioliwa na hakuna hata moja la aliyekula.

Bwana Leodegar alizitazama takwimu hizo, mkono kidevuni.

"Mmeona?" aliwauliza wakuu wa vitengo. "Kama Kibaha nzima imeliwa, basi walaji wako wilaya nyingine. Washindi wamekimbilia Kisarawe."

Hakuna aliyebisha, maana hesabu ilikuwa imekaa sawa. Na kana kwamba Kisarawe imesikia, siku hiyohiyo ikafika barua ya siri. Ilisema kuna mwanamke katika kitongoji cha Kwamkole, ng'ambo ya Maneromango, ambaye ameshinda madau manne mfululizo bila kufungwa hata mara moja, na dau lenyewe si soda, ni mbuzi. Mwandishi aliomba jina lake lisitajwe kabisa kwa ajili ya usalama wake. Chini alisaini "Raia Mwema, Mwenyekiti wa Kitongoji cha Kwamkole", akagonga muhuri.

Bwana Leodegar alimwita Lusajo ofisini, akafunga mlango.

"Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka wizarani, Bi Efrazia. Unamjua?"

"Namsikia, Mheshimiwa."

"Anayesikiwa hivyo haji kunywa chai. Atauliza: mshindi yuko wapi? Sasa sikiliza, kijana wangu. Nenda Kwamkole. Niletee fomu moja. Moja tu, imejazwa yote, hakuna nafasi wazi, tutaigonga muhuri. Ukiileta, siku hiyohiyo nakuthibitisha. Usipoileta, kitengo chako kinafutwa na wewe unarudi masijala kubandika namba kwenye majalada. Tumeelewana?"

Lusajo aliitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua mkoba wa fomu.

Gari la ofisi lilikuwa linasubiri mafuta, na mafuta yalikuwa yanasubiri saini, na mwenye saini alikuwa semina. Lusajo alipanda pikipiki mpaka Maneromango, na nyingine kutoka Maneromango, kwa nauli yake mwenyewe, akiwa amekumbatia mkoba wa fomu. Vumbi jekundu lilimwingia mpaka kwenye mfuko wa shati. Saa saba mchana pikipiki ilisimama kwenye ukingo wa kijito.

"Mwisho wangu hapa, bosi," alisema dereva. "Ng'ambo ile inakwenda kwa miguu."

"Daraja liko wapi?"

Dereva alionyesha kwa kidevu. Pembeni mwa njia palikuwa na jiwe zuri la marumaru, limejengewa, limezungushiwa mnyororo: KALAVATI LA KWAMKOLE. JIWE HILI LA MSINGI LIMEWEKWA NA NDUGU LEODEGAR, MRATIBU WA MPANGO WA VIVUKO VYA HARAKA. Nyuma ya jiwe palikuwa na maji. Lusajo alilisoma mara mbili na moyo wake ukajaa fahari. Hakuwa anajua kwamba bosi wake anafahamika mpaka huku. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini, na maji yakamfika magotini.

Ng'ambo alipokewa na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwinjuma, mtu mwembamba mwenye kofia ya kiua na simanzi ya muda mrefu.

"Karibu sana, afisa. Mimi sijaandika barua yoyote."

"Shikamoo, mzee. Tunakushukuru kwa hiyo ambayo hukuiandika."

"Marahaba. Nyumba yake ile pale. Na ukimaliza kukata robo yako, naomba uniulizie kama nyingine zinarudi kwa wenyewe."

Bi Mwanaamina alikuwa uani anamenya mihogo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, kanga mbili, macho yanayocheka kabla ya mdomo. Lusajo alikuwa hajamaliza kuamkia pale bibi alipogeuka ghafla na kupiga kelele upande wa shamba:

"Mchakato! We Mchakato! Toka kwenye kisamvu changu!"

Beberu mweusi akainua kichwa, akatafuna, akatoka taratibu.

"Bibi, yule anaitwa nani?"

"Mchakato. Yule mwenye mabaka ni Uzinduzi. Yule mnene ni Jiwe la Msingi, huyo hata umsukume hasogei. Na yule jike pale kivulini ni Upembuzi Yakinifu. Ana mimba, lakini sijui ya lini, kila nikidhani anazaa hazai." Bibi alimsogezea kigoda. "Kaa, mwanangu. Umevuka salama?"

Hapo ndipo Lusajo alipopata habari kamili, na aliiandika yote kwa kalamu ya bluu kama kanuni zinavyotaka. Miaka minane nyuma walikuja wakubwa kuzindua ujenzi wa kalavati. Siku ile Bi Mwanaamina alimwambia Mwinjuma halitajengwa. Mwinjuma akasema litajengwa. Wakawekeana mbuzi, mwisho wa mwaka ndio uamuzi. Mwaka ukaisha. Wakaja tena wakubwa walewale kufanya upembuzi yakinifu, na wawili hao wakawekeana tena. Kisha jiwe la msingi. Kisha likaja gari kutangaza kwamba wananchi wawe watulivu, mchakato unaendelea.

"Mara nne, bibi. Hukufungwa hata moja."

"Hata moja."

"Na wewe, mzee," Lusajo alimgeukia Mwinjuma, "kwa nini kila mara uliweka upande wa kujengwa?"

Mwinjuma alijinyoosha. "Mimi ni mwenyekiti. Mwenyekiti hawezi kuweka upande wa pili. Nikifanya hivyo nitawaambia nini watu wangu kwenye mkutano?" Kisha akashusha sauti. "Nilikuwa na mbuzi wanne."

Lusajo alifungua Fomu KB-7 juu ya mkoba. Mshindi alikuwa mbele yake, mzima, hakatai kitu, na ushindi wenyewe ulikuwa unalia mee. Kipengele A, jina, kikajazwa. Kipengele B, aina ya ushindi: mbuzi, wanne. Akafika kipengele C.

"Uwezekano wa kushinda kwa wakati wa kuweka dau, kwa asilimia. Niandike ngapi, bibi?"

"Mia."

"Mia haikubaliki. Kanuni ya tisa: mia ni uhakika, na sifuri ni uhakika. Kodi hii ni ya bahati. Iwe kati ya moja na tisini na tisa."

"Basi mimi sina kodi. Kula muhogo, mwanangu, umetoka mbali."

Lusajo alihisi kiti cha masijala kinamjia mgongoni. Kanuni ya tisa aliiandika yeye mwenyewe, usiku wa kuamkia kikao cha sita, na aliipenda sana.

"Bibi, hebu tufikirie pamoja. Hukuwa unajua yatakayotokea. Ulibahatisha."

"Nibahatishe nini? Siku ile walikuja na kapeti. Kapeti jekundu, wakalitandika mpaka kwenye maji. Walikuja na spika mbili, na viti vya kufunikwa vitambaa, na mpiga picha. Mfuko wa saruji hakuna. Mchanga hakuna. Koleo lilikuwa moja, na hilo lilifungwa utepe. Mwanangu, mtu anayekuja kujenga anakuja na kapeti?"

"Niandike hata tisini na tisa, bibi yangu. Naomba."

"Hiyo moja iliyobaki ni ya nini?"

"Ni ya uwezekano kwamba kalavati lingejengwa."

Bi Mwanaamina alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamtazama Lusajo, akacheka tena. "Mimi ni mtu wa sala tano. Usinitie kwenye kusaini uongo."

Lusajo alimgeukia Mwinjuma, maana kanuni iliruhusu pia ushahidi wa aliyefungwa. "Mzee, wewe ulikadiria uwezekano wa kujengwa ni asilimia ngapi?"

"Mia kwa mia!" alijibu Mwinjuma papo hapo, kifua mbele. "Wakubwa wakisema, wamesema."

Lusajo aliandika pembeni: mia na mia, jumla mia mbili. Watu wawili walikuwa wamewekeana mbuzi mara nne na hakuna hata mmoja wao aliyebahatisha. Jasho likamdondokea kwenye fomu, akalipangusa kabla halijahesabika kama saini.

"Mwanangu, mbona umekuwa hivyo?" aliuliza bibi. "Wanakufanya nini ukirudi bila hiyo karatasi?"

Sijui ni uchovu au ni muhogo, lakini Lusajo alimwambia yote: miaka sita, masijala, barua ya mistari mitatu, Atupele na maji ya kuoga. Bi Mwanaamina alisikiliza huku ameacha kumenya. Alipomaliza, bibi hakucheka.

"Nikwambie na mimi langu," alisema. "Kila nilipoweka, nilimwomba Mungu nifungwe. Wallahi. Ningefungwa, ningempelekea Mwinjuma mbuzi wake kwa vigelegele, halafu nikavuka na viatu vyangu miguuni. Masika yaliyopita binti yangu Hamisa alishikwa na uchungu, tukakaa ukingoni pale kutwa nzima, maji yanapita. Mjukuu wangu kazaliwa ukingoni. Mimi mbuzi hawa siwataki, nawafuga tu." Kisha akainama juu ya fomu. "Hapo chini pameandikwa nini?"

"Hicho ni kipengele D. Mwendeshaji wa mchezo."

"Ndiyo nani?"

Lusajo alikariri, kwa sababu alikuwa anakijua kwa moyo: "Ni mtu yeyote aliyeanzisha jambo, akakusanya watu, akatangaza matokeo yatakayopatikana, na watu wakaweka madau kwa kutegemea kauli yake. Anapaswa kuwa na leseni. Ndiye anayetakiwa kukata robo ya serikali kabla mshindi hajapewa chake. Na pale mshindi na mshindwa wanapotofautiana kuhusu uwezekano, kipengele C kitajazwa na..."

Akaitazama fomu upya.

"Kitajazwa na nani?" aliuliza Mwinjuma.

"Na mwendeshaji."

Wote watatu waligeuza shingo wakatazama upande wa kijito, palipong'aa marumaru. Upembuzi Yakinifu alikohoa.

Lusajo hakuwa mtu wa fitina. Lazima hili lieleweke. Alikuwa mtumishi aliyeambiwa asiache nafasi wazi, na mbele yake palikuwa na nafasi wazi, na jina la kuijaza lilikuwa limechongwa kwenye jiwe kwa gharama ya umma. Akajaza kipengele D kwa herufi kubwa, akachora mshale kwenda C, akaandika kwa adabu: kijazwe na mhusika. Habari yote ya kalavati akainakili nyuma ya fomu. Bi Mwanaamina akasaini. Mwinjuma akasaini kama shahidi, akauliza tena habari za mbuzi.

Ijumaa saa tatu Bi Efrazia alikuwa ameshakaa kwenye ukumbi wa mikutano wa Kurugenzi, miwani puani, kikombe cha chai hakijaguswa. Wakuu wa vitengo walikaa pembeni wakitabasamu kwa zamu. Bwana Leodegar alimpokea Lusajo mlangoni, akaona fomu ina wino kila mahali, akampiga begani.

"Safi! Nipe niisome mwenyewe."

"Mheshimiwa, labda ungeanza kwanza kuipitia..."

"Kaa chini, shujaa."

Akaisoma kwa sauti ile aliyoizoea, ya kwenye spika. Kipengele A. Makofi. Kipengele B, mbuzi wanne. Makofi, na mhasibu akapiga meza. Kipengele C akakiruka kwa sababu palikuwa na mshale. "Na kipengele D, mwendeshaji wa mchezo huu haramu, usio na leseni, anayewanyonya wananchi wanyonge wa Kisarawe, ambaye napenda kusema mapema kwamba hatutamvumilia, ni Bwana Leo..."

Feni ya darini iliendelea peke yake.

"Endelea," alisema Bi Efrazia.

"Hili ni kosa la kiuchapaji."

"Limeandikwa kwa mkono." Alinyoosha mkono, akaichukua fomu, akaisoma yote, mbele na nyuma, bila haraka. "Imejazwa vizuri sana. Imebaki C. Kinakungoja wewe. Uwezekano wa kalavati kujengwa, siku ulipowatangazia wananchi kwamba linajengwa. Asilimia ngapi?"

"Mia, bila shaka!"

"Andika mia. Halafu unieleze liko wapi."

Kalamu ya Bwana Leodegar ilisimama hewani. "Pengine... tuseme sifuri?"

"Andika sifuri. Halafu unieleze kwa nini ulichukua posho ya safari mara nne kwenda kuzindua kitu ulichojua hakipo."

Bwana Leodegar alipangusa paji la uso. "Hakuna sehemu ya kuandika 'mchakato unaendelea'?"

"Ilikuwepo, Mheshimiwa," alisema Lusajo kwa heshima. "Uliifuta mwenyewe kikao cha nane. Ulisema wananchi wataitumia kukwepa kodi."

Mkurugenzi alitazama kulia, akatazama kushoto. Mwanasheria Abdulaziz alikuwa ameinama chini ya meza anatafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Basi, mbele ya wakuu wote wa vitengo, Bwana Leodegar aliandika hamsini, na kwa sauti ndogo akatamka maneno ambayo yaliingizwa kwenye muhtasari kama yalivyo: "Ilikuwa kubahatisha tu."

"Nashukuru," alisema Bi Efrazia. "Kwa hiyo ni mchezo wa kubahatisha, na umekuwa ukiuendesha miaka minane bila leseni. Makato ni robo ya mbuzi wanne, mbuzi mmoja. Faini ni mbuzi wawili. Na cheti cha makato, nasoma hapa, kanuni ya thelathini na moja: mwendeshaji atamkabidhi mshindi kwa mkono wake mwenyewe, nyumbani kwa mshindi, ndani ya siku saba, ili kuepusha ujanja. Nani aliweka hii?"

"Mheshimiwa Mkurugenzi," walijibu wakuu wa vitengo kwa pamoja, wakifurahi kuwa na jambo wanalolijua.

"Na huyu aliyeileta fomu?"

"Kaimu Afisa, mama," alisema Lusajo. "Mwaka wa sita. Niliambiwa nikileta moja iliyokamilika nitathibitishwa leo."

Bi Efrazia alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi, ambaye sasa aliogopa kuwa na ahadi yoyote inayoning'inia mahali popote, aliomba karatasi, akaandika barua hapohapo, mistari mitatu, akagonga muhuri wa duara mara mbili ili pasiwe na ubishi. Lusajo aliisoma amesimama. Machozi yalimtoka, na hakuona aibu hata kidogo.

Jumatano iliyofuata Bwana Leodegar alifika kwenye kijito cha Kwamkole, suti ya kijivu, cheti kwenye jalada la plastiki. Hakukuwa na spika. Usiku kulikuwa kumenyesha kwenye milima ya juu, maji yalikuwa yamepanda, na ng'ambo ukingo ulikuwa umejaa watu kutoka Kwamkole, Marui mpaka Vihingo. Habari ilikuwa imetangulia. Lusajo, Afisa wa Matamko, alikuwa ameshavuka, amekaa kwenye kigoda na rundo la fomu mapajani kwa ajili ya ushuhuda wa makabidhiano.

Mkurugenzi alivua viatu. Akavua soksi. Ukingo ukashangilia.

"Anavuka," alisema Bi Mwanaamina. "Naweka Mchakato na Uzinduzi wote wawili."

"Leo unaweka upande wa mkubwa?" alishangaa Mwinjuma.

"Leo anadaiwa, mwenyekiti. Mkubwa akidaiwa ana miguu."

Mwinjuma alivua kofia, akaifikiria miaka minane, akaivaa tena. "Havuki," alisema, na uso wake ukawaka kama wa bwana harusi. "Naweka kuku wangu wa mwisho. Havuki!"

Hapo ukingo mzima ukafunguka. Jogoo, korosho, soda, siku ya kulimiwa shamba, kila mtu akaweka. Lusajo alifanya kazi yake: fomu ya kwanza, ya pili, ya kumi, na katika kila moja, kwenye kipengele D, akaandika jina lilelile. Bwana Leodegar alikuwa katikati ya mto, maji kiunoni, jalada kichwani, aliposikia jina lake linatajwa na kurudiwa.

"Mnaandika nini huko?"

"Madau, Mheshimiwa!" alijibu Lusajo. "Umeanzisha jambo, umekusanya watu. Wewe ndiye mwendeshaji!"

"Acheni! Basi narudi!"

"Ukirudi kuna waliokula, Mheshimiwa! Ukija pia kuna waliokula! Robo unadaiwa wewe pande zote!"

Bwana Leodegar alisimama. Maji yalimpita huku na huku yakiwa na shughuli zao. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, mama mmoja akamkabidhi jirani mtoto ili acheke vizuri, na Lusajo naye, aliyethibitishwa, mwenye barua kwenye mfuko wa shati, alicheka kwa mara ya kwanza akiwa kazini. Alikuwa amebakiwa na fomu mbili. Akaijaza moja. Akaijaza na nyingine.

Ndipo mkubwa yule, akiwa hana pa kwenda, akafanya kitu pekee alichokuwa anakijua tangu aanze utumishi. Alinyoosha mgongo, akakohoa kusafisha koo, akainua mkono mmoja juu ya maji.

"Ndugu wananchi! Ninaahidi mbele yenu, kwamba kabla ya masika..."

Kicheko kilikatika. Ukingo mzima, mikono ikaingia kwenye pindo za kanga na mifuko ya suruali kutafuta cha kuweka, na Mzee Mwinjuma akamwahi Bi Mwanaamina kuchagua upande. Lusajo aliruka kutoka kwenye kigoda, mikono mitupu juu.

"Mheshimiwa, nakuomba sana usiimalize hiyo sentensi! Fomu zimeniisha!"